Adasi Haina Vipande

Vijana wangu, mkinijia mkitaka siri ya kupika adasi, kwanza wekeni simu mbali na maji. Mmoja wenu alikuja hapa kwangu mtaa wa New Site mwezi uliopita akitaka kunipiga video nikichambua. Simu ilimponyoka ikatumbukia kwenye karai, na mpaka leo anasema ikilia inatoa sauti ya mtu anayetafuna. Haya, sasa tuongee.

Mimi ni Mutiso, mpishi. Nimestaafu kwa ajili ya miguu, si kwa ajili ya ulimi. Ulimi ungali mzima, waulizeni majirani. Nimepika hapa Juba miaka mingi kuliko niliyopika kwetu Kenya, na karibu miaka yote hiyo nimepika vile vitu ambavyo mtu akipata mgeni wa heshima huvificha nyuma ya mlango: adasi, maharagwe, kunde, mtama, shayiri. Sioni haya. Mimi ni Mkamba wa Machakos. Kwetu mtoto akilia hupewa mbaazi, na akinyamaza hupewa mbaazi kwa kuwa amenyamaza.

Tuanze na mawe, maana adasi ya gunia huja na mawe yake. Mpishi mgeni huyatafuta mawe, na hapo ndipo anapokosea. Jiwe lenye rangi ya adasi hutaliona mpaka mlaji alione kwa jino. Tandaza adasi kwenye sinia, ziwe nyembamba zisipandane, kisha zivute kidogo kidogo kuelekea tumboni kwako huku ukizitazama adasi zenyewe. Jicho likishazoea umbo la adasi, jiwe hujitaja. Nilifundishwa hivyo na Mama Poni, ambaye mtamsikia sana hapa, na alinifundisha baada ya mimi kumvunja dereva mmoja kipande cha jino. Dereva huyo anaitwa Lado. Naye mtamsikia. Miaka yote hiyo Lado akiniona hutabasamu, na sijawahi kujua kama ni urafiki au ni ushahidi.

Nyanya na ndimu zisiguse maharagwe kabla hayajaiva, kwa sababu yatakaza roho na utachochea makaa mpaka ukonde. Maji ya kisima ya huku nayo ni magumu, kwa hiyo tia magadi, lakini ncha ya kijiko tu. Nilipokuwa mgeni nilitia kijiko kizima. Maharagwe yakawa uji, uji ukanuka sabuni, nami nikawaambia watu ni mapishi ya Kifaransa. Walinishukuru kwa adabu na wakaenda kununua mandazi.

Kuna na ile ya chupa. Siku yangu ya kwanza kula mjini niliingia kibanda kimoja mtaa wa Hai Cinema, nikaagiza ful, yale maharagwe makubwa ya kahawia yanayochemshwa tangu jana yake. Mwenye kibanda akaniwekea bakuli, mkate, na chupa ya soda tupu. Nikamwita. Nikamwambia, kwa hasira ya mtu aliyetoka safari, kwamba soda yangu imenywewa. Akaichukua chupa, akaikagua juu na chini, akairudisha palepale. Nikaisukuma kwake. Akaisukuma kwangu. Mwishowe mwanamume wa meza ya pili akainuka, akaishika chupa shingoni, akaponda ful yangu kwa kitako cha chupa mpaka ikalainika, akatia mafuta ya ufuta na kitunguu, akaonja kidogo kuhakikisha, akarudi kwake. Kumbe huku ndivyo ful inavyopondwa. Mimi mwenye cheti cha hoteli nikakaa nikala.

Lakini kosa lililokaribia kunirudisha nyumbani halikuwa la mawe, wala magadi, wala chupa. Ni kosa ambalo sikulijua ni kosa, na ndilo ninalotaka mlibebe.

Niliajiriwa na shirika moja lenye ofisi Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege. Wakubwa na wageni walikuwa na ukumbi wao na mpishi wao. Mimi nilipewa jiko la nyuma, la madereva, walinzi na wafagiaji. Kabla yangu hapakuwa na jiko rasmi. Wafanyakazi walikuwa wakichanga, na Mama Poni, mfagiaji wa ofisi, aliwapikia nyuma ya jenereta juu ya mafiga matatu. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, aliyekaa ukimbizini Uganda miaka mingi na kurudi na Kiswahili cha huko na msimamo usiopinda. Shirika likaona moshi ule unatia aibu. Likajenga jiko, likanileta mimi, likamfanya Mama Poni msaidizi wangu.

Nami nilikuja na mambo yangu. Kule Nakuru nilikofanya kazi hotelini nilifundishwa kwamba chakula ni hesabu: jina, sahani, kipimo. Nikabandika ukutani orodha ya majina ishirini na mawili. Kila jina lilikuwa na sahani yake, na kila sahani upawa mmoja na nusu, na jani la dania juu. Mama Poni aliitazama orodha ile siku ya kwanza, akasema "Mmm," akaenda kuosha masufuria. Ningekuwa na akili ningeisikiliza ile "Mmm."

Sahani zilianza kurudi na chakula. Mtu anachota vijiko viwili, vitatu, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Wanaume waliobeba magunia tangu alfajiri wameshiba vijiko vitatu! Wiki ya kwanza nikasema ni ugeni. Wiki ya pili nikasema ni joto. Mwanzoni mwa wiki ya tatu akaja Bwana Wafula, meneja wa utawala, Mkenya mwenzangu, mtu pekee niliyemwona Juba akivaa tai mchana. Akasimama kando ya ndoo ya mabaki akaitazama kama mtu anayetazama ajali.

"Mutiso," akasema, "hawa watu hawataki chakula chako."

"Wanazoea, mkubwa."

"Wiki tatu ni za kuzoea gereza, si chakula. Nakupa mpaka Ijumaa. Ijumaa ndoo hii ikijaa tena, nafunga hili jiko, na wewe nakutafutia ndege."

Vijana, msicheke bado. Nilikuwa nimeuaga ukoo mzima. Mama yangu alichinja mbuzi. Mjomba wangu alitoa hotuba, akasema natoka Machakos kwenda kulisha taifa changa. Ningerudi baada ya wiki tatu na kusema nini, kwamba taifa changa limeshiba? Tena wengi wa wale wafanyakazi, chakula kile kilikuwa ndicho mlo wao wa siku, na mafiga ya Mama Poni yalishavunjwa. Jiko likifungwa, wangebaki na maji ya bomba.

Basi nikaingia vitani. Jumatatu nilizidisha bizari nyembamba na kitunguu saumu, harufu ikafika mpaka uwanja wa ndege. Sahani zikarudi. Nikamwuliza Mama Poni, "Chumvi iko vipi?" Akaonja, akasema, "Chumvi iko sawa."

Jumanne nilifungua makopo ya tui la nazi niliyokuja nayo kwenye begi, yale niliyokuwa nikiyaweka kwa ajili ya Krismasi. Sahani zikarudi, nyeupe badala ya kahawia. "Mama Poni, chumvi?"

"Chumvi iko sawa."

Jumatano nikakumbuka shayiri. Stoo palikuwa na magunia mawili ya shayiri, hakuna aliyejua nani aliyaagiza, na panya wenyewe walikuwa wameyapitia wakayaacha. Nikaipika kama ninavyopika wali, maji yakikauka nifunike. Shayiri haipikwi hivyo, andikeni. Baada ya saa moja ilikuwa bado inagonga sufuria. Niliipakua hivyohivyo kwa kiburi. Mle ndani mlisikika kutafuna tu, kama mbuzi walio bandani. Lado alinipitia mlangoni, akashika shavu la upande wa lile jino, akasema, "Shefu, iko fiti sana." Sahani yake ilikuwa imejaa.

"Chumvi?" nikamwuliza Mama Poni kwa sauti ndogo.

"Mutiso. Chumvi iko sawa."

Alhamisi nilichonga karoti ziwe maua. Maua ishirini na mawili, moja kwa kila sahani juu ya adasi. Nilijikata vidole viwili. Mama Poni alilichukua ua moja akaligeuzageuza.

"Hii maua ni ya nani amekufa?" akauliza.

Sahani zikarudi. Karoti zilikuwa zimeliwa, nitasema kweli, lakini adasi zilikuwa palepale. Nikakaa juu ya gunia la shayiri nikauficha uso kwa aproni. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na aibu, na nilikuwa nimechoka. Mama Poni alikuwa akisugua sufuria. Nikamwambia, bila kuinua kichwa, "Mama Poni, sijui tena. Kwa nini hawali?"

Sufuria ikanyamaza. Akajifuta mikono taratibu, akavuta kiti.

"Sasa umeuliza," akasema.

"Si nimekuuliza kila siku?"

"Wewe nauliza chumvi! Jumatatu chumvi, Jumanne chumvi. Mimi nasema chumvi iko sawa. Chumvi iko sawa!" Akaelekeza kidole ukutani. "Hii karatasi ndiyo hapana sawa. Wewe naandika watu ishirini na mbili. Ndugu ya Lado nakuja hapa mlangoni, jina hapana. Ile mtu ya tanki ya maji nakuja, jina hapana. Askari ya jioni nafika mapema, jina hapana. Nasimama pale, naangalia. Sasa Lado nakula namna gani?"

"Si ale tu, hiyo ni sahani yake!"

"Ndiyo. Sahani ni ya mtu moja. Hapa mtu nakula, mwingine napita, wewe nasema 'Fadal,' karibu, kula na sisi. Kama hapana sema, ni aibu. Lado nasema 'Fadal' kwa upawa moja na nusu? Huyu nakula nini, yeye nakula nini? Basi naona haya. Nakula kidogo, nasukuma."

"Angempa nusu iliyobaki."

Mama Poni alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mabaki? Kwenu, mgeni nakula mabaki?"

Kwetu mgeni aliyepewa mabaki angesimuliwa vizazi vitatu.

"Na wewe kwa mafiga yako ulifanyaje?" nikauliza.

"Sinia. Watu nakaa, nani napita nakaa."

"Chakula hakikuisha?"

"Nilipika adas. Nyama ndiyo nahesabu, hii kipande yangu, hii kipande yako, mtu nakuja wote nakasirika. Adas hapana kipande. Mtu nakuja, naongeza maji, naongeza mtama. Nani najua?"

Nimesoma vitabu vya upishi vya kutosha kujaza kitanda. Hakuna kilichoniambia hivyo. Nilikuwa nimechukua chakula kilichoumbwa kisihesabike, nikakihesabu, kisha nikashangaa watu wanakionea haya. Nilijiona mjinga, na sikujitetea.

Niliondoa ile orodha ukutani. Kisha nikarudi kwenye magunia yangu, nikafanya kile nilichopaswa kufanya Jumatano: nikaiosha shayiri maji matatu, nikailoweka. Sikiliza hapa, wewe uliyekuja na daftari: shayiri nzima loweka usiku mmoja, chemsha kwenye maji mengi bila kuogopa, na usitie adasi mpaka shayiri imelainika nusu, maana adasi ni ya haraka na shayiri ni mzee wa kanisa, haikimbizwi. Mwishoni kaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia kweli, tia karanga za kusaga, mwagia juu, kamulia ndimu. Na upime shayiri ikiwa kavu, ukikumbuka kwamba itaongezeka mara tatu.

Mimi sikukumbuka. Nilikuwa na hamu ya kuwatosha wote watakaopita, nikaloweka kama ya harusi. Ijumaa asubuhi ilikuwa imeinua mfuniko. Ilipoanza kuiva ilijaza sufuria kubwa, nikahamishia nyingine, ikajaza hiyo, nikahamishia kwenye karai, na saa tano Mama Poni alikuwa anasugua ndoo mpya huku anaimba wimbo wa kanisani. Kila nilipogeuka shayiri ilikuwa imepanda tena. Nilianza kuiogopa.

Tukatandika mikeka kivulini nyuma ya jenereta, pale palipokuwa na mafiga yake. Masinia manne. Adasi na shayiri katikati, moto, karanga zikimeremeta, na pilipili pembeni kwa wenye roho. Mama Poni akaomba kwa Kibari, lugha ya kwao, sala ndefu kiasi, nami nikafungua jicho moja kuangalia kama wanatoroka. Hawakutoroka. "Amina" haijaisha vizuri, mikono ilikuwa ndani.

Sikuwahi kusikia kelele tamu kama ile. Ndugu yake Lado akatokea langoni. "Fadal!" wakapaza wote, akanawa akakaa. Mtu wa tanki akaja, "Fadal!" Walinzi wa jioni, "Fadal!" Mimi nilisimama na upawa nikiongeza, nikitokwa na jasho, nikimimina ile shayiri iliyokuwa imenitisha asubuhi, nikiomba isiishe.

Hapo ndipo Bwana Wafula alipojitokeza kwenye kona ya jenereta, na tai yake, na karatasi mkononi. Niliijua karatasi ile kabla hajaifungua. Ilikuwa barua ya kufunga jiko.

"Wafanyakazi," akaanza, "naomba mnisikilize kidogo..."

"Fadal!" Watu thelathini kwa pamoja.

"Asanteni, nimeshakula. Nilitaka kusema..."

"Fadal, bwana meneja! Fadal!" Lado alikuwa amesimama tayari na birika la maji na beseni. Sasa, mtu akikusimamia na maji ya kunawa, mbele ya watu wote, wewe una mkono mmoja wa karatasi, utafanya nini? Wafula alinitazama. Nikatazama angani. Akanyoosha mkono, maji yakamiminwa, na ikabidi ashikiwe karatasi. Aliyemshikia ni Mama Poni.

Alikaa kwenye mkeka kwa shida, suruali imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, tai kaitupia begani. Akala tonge moja la heshima. Akala la pili. La tatu akalifuata mbali, akapeleka mkono upande wa Lado ambako karanga zilikuwa nyingi, na Mama Poni akampiga kidogo juu ya kidole.

"Kula mbele yako," akamwambia.

"Samahani, mama," akasema meneja wa utawala, na akala mbele yake.

Niliposhusha sufuria ya mwisho kutoka motoni nilihitaji kitu cha kushikia, na Mama Poni akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilifaa sana. Sufuria ilipotua chini, karatasi ilikuwa na doa la adasi upana wa kiganja, na nusu ya barua haikusomeka. Wafula aliiona. Alikuwa na tonge mdomoni wakati huo, na kabla halijashuka Lado alishamsogezea pilipili.

Alipoinuka alijipangusa, akairudisha tai mahali pake. Akaitazama ndoo ya mabaki. Ndani palikuwa na maganda ya ndimu. Akakohoa kwa muda.

"Mutiso. Jumatatu ni nini?"

"Maharagwe, mkubwa."

"Na hii nafaka?"

"Na shayiri, mkubwa. Ipo ya mwezi mzima."

"Sawa," akasema, akaenda zake. Hatukuzungumzia barua tena, wala siku ile wala miaka yote iliyofuata. Kila Ijumaa alikuwa anakuja kula, bila tai.

Nikabaki nimesimama na upawa, nikitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Ndipo Lado akanigeukia.

"Shefu, wewe nasimama nini?"

"Nimeonja onja jikoni," nikamwambia. Na ilikuwa kweli. Tangu nifike Juba nilikuwa nakula wima, peke yangu, kwa kijiko, nimeupa ukuta uso.

"Fadal," akasema Lado, na safari hii hakutabasamu. Mama Poni akavuta kanga yake pembeni kunipa nafasi. Nikaweka upawa chini, nikanawa, nikakaa kati yao. Tonge la kwanza liliniunguza vidole na sikujali. Chumvi ilikuwa imepungua kidogo, wala sikusema.

Tulikuwa tumefika karibu na chuma cha sinia mtu akapita langoni, mwendesha boda nisiyemjua, ameshika kofia yake ngumu, anauliza njia. Sufuria zilikuwa tupu, karai tupu, na mimi ndiye pekee pale niliyelijua hilo. Nikasikia mtu anapaza sauti, "Fadal! Fadal, ndugu yangu!" na mdomo uliojaa chakula ulikuwa wangu.

Akaja, akanawa. Tukasogea.